Sauti za Wengine Katika Koo Langu

Kama sauti yako imekauka na hii ni wiki ya nne, na bado unakunywa tangawizi ukingoja irudi yenyewe, haya ninayoandika ni yako. Mimi si daktari. Siku sita za juma huuza vitambaa katika duka moja mjini Nakuru, na Jumapili hutafsiri mahubiri kanisani kwetu. Nilikaa karibu mwaka mzima nikilitendea koo langu kila kosa ambalo mtu anaweza kulitendea koo, kwa hiyo upande wa makosa naujua vizuri.

Kwanza nieleze hiyo kazi ya Jumapili, maana ndiko ugonjwa ulikotoka, ingawa ilinichukua miezi kukubali. Mgeni anakuja, anahubiri kwa Kiingereza, nami nasimama hatua moja kando yake. Akimaliza sentensi, naitoa kwa Kiswahili. Ukidhani ni maneno tu, hujaingia makanisa yetu. Akiinua mkono, nainua. Akichuchumaa, nachuchumaa, na sketi yangu hiyo. Akinguruma, nanguruma. Mkalimani anayesimama wima na kusema maneno peke yake huambiwa ni baridi, na kwetu hakuna sifa mbaya kuliko hiyo. Mimi sikuwahi kuitwa baridi. Watu walisema ukifumba macho hujui anayehubiri ni yupi, na nilijivunia sana, mwanamke mwembamba kama mimi kutoa sauti ya mwanaume wa miraba minne.

Jambo la pili ni kwamba kwetu sauti iliyokwaruza inaheshimiwa. Mhubiri akija na sauti safi, watu hupiga makofi ya adabu. Akija na sauti iliyochanika, watu husimama. Wanasema huyu ni mtu wa maombi, wanaiita sauti ya moto. Sijawahi kusikia yeyote akiuliza kama huyo mhubiri amemwona daktari.

Julai ya 2007 tulikuwa na ile baridi yetu ya ukungu mpaka saa nne asubuhi, nami nikapata mafua kama kila mtu pale dukani. Kwa kawaida yangeisha kwa wiki moja. Lakini Agosti tukaenda Kabazi kwa mkutano wa injili wa siku tano, uwanjani, mahindi yamesimama pande zote, na siku ya pili spika zikanyamaza. Mgeni wetu alisema yeye hahitaji spika. Nikatafsiri kwamba hahitaji spika, na tangu hapo sote wawili tukawa tunapiga kelele kwa mapafu yetu. Siku ya tatu niliamka na sauti kama yake. Sikuwa naiga tena. Ilitoka hivyo hata nikiomba chumvi.

Mchungaji wetu ni mtu mpole, hata akikemea mapepo huyakemea kwa upole. Baada ya ibada alinishika mkono.

“Dada, leo umeingia,” akasema.

“Ni mafua tu, Mchungaji.”

“Usiite mafua kitu Mungu amekupa.”

Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi. Niliporudi Nakuru nikaanza kuilinda ile sauti. Jumamosi sikunywa maji ya moto wala sikugusa asali, nisije nikapona kabla ya ibada. Ukiisoma sentensi hiyo tena utaona nilikuwa mtu wa aina gani. Nilikuwa mgonjwa na nilikuwa naogopa kupona.

Mume wangu, Baba Nafula, huendesha lori kutoka Mombasa hadi mpakani Malaba, na ndoa yetu kwa sehemu kubwa iliishi kwenye simu. Alikuwa akinipigia karibu kila jioni. Siku moja ya Septemba alipiga kutoka Mariakani.

“Halo,” nikasema.

“Wewe ni nani?”

“Ni mimi.”

“Mimi nani? Peana simu kwa mwenyewe.”

“Baba Nafula, ni mimi bwana.”

“Boss, nimesema peana simu.”

Binti yetu Nafula, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alinipokonya simu akamwambia, “Dadi, ni Mathe. Ako na ile sauti ya kanisa.” Baba Nafula alicheka kidogo, lakini hakucheka vya kutosha. Siku tatu baadaye aliegesha lori Salgaa, kituo cha malori nje ya mji, akaja nyumbani katikati ya mchana bila kusema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatazama kila chumba, navyo ni viwili, akaketi. Nikamwambia karibu. Aliposikia ile sauti ikitoka kinywani mwangu mbele ya macho yake, aliona haya, kisha akashtuka.

“Hii si sauti ya kanisa,” akasema. “Hii ni ugonjwa.”

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuita ugonjwa, nami nilimnunia wiki nzima.

Sauti iliondoka yote Jumanne moja mwishoni mwa mwezi huo. Mteja aliuliza kama tuna kitambaa cha pazia cha rangi ya kahawia, nikafungua kinywa, ikatoka hewa. Nikajaribu tena, hewa. Mama wa watu alidhani namdharau, akaondoka. Mwenye duka, ambaye familia yake ya Kihindu imeuza vitambaa mtaa huo tangu enzi za babu yake, alinitoa kaunta akanipeleka nyuma kwenye meza ya kukatia. Hakuniambia niende nyumbani. Wakati ule sikuona kwamba ni wema. Niliona nimefichwa.

Oktoba ulikuwa mwezi wa tiba za kila mtu. Nilijifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi mpaka macho yakavimba. Kemisti alinipa vidonge vya rangi mbili, nikamaliza, akanipa vingine vya rangi nyingine. Jirani alileta mayai mabichi. Baba Nafula alileta asali nyeusi kutoka Olenguruone, imetiwa ndani ya chupa ya soda. Kanisani waliniwekea mikono kooni wakaniambia nipige kelele ya imani, nikapiga, na kilichotoka kilikuwa kama mlango wa zizi. Katika hayo yote asali ndiyo pekee niliyoifurahia.

Kitu kimoja hakikunitoka wakati huo wote, nacho ni udadisi. Nilitaka kujua sauti inakaa wapi. Nilikuwa nimeitumia maisha yangu yote bila kuuliza. Asubuhi jua likiingia, nilisimama mlangoni na kioo mkononi, kijiko kimeukandamiza ulimi, nikachungulia. Niliona magego mawili yanayohitaji kung'olewa. Niliona kilimi kikining'inia mahali pake.

“Mathe, unatafuta nini huko ndani?” Nafula akauliza.

Nikamwandikia nyuma ya daftari lake: Sauti.

Alichungulia naye, akainamisha kichwa huku na huku kama fundi wa redio. “Mimi sioni,” akasema, na kweli hakukuwa na cha kuona.

Novemba, mvua ndogo zikinyesha, nilikwenda kliniki ya masikio, pua na koo. Ilikuwa siku moja tu kwa wiki. Kulikuwa na benchi mbili ndefu, unakaa mwisho, na kila mtu akiingia kwa daktari nyote mnasogea nafasi moja. Shida ya kliniki hiyo utaielewa ukishaketi pale. Muuguzi akija mlangoni kuita jina, nusu ya benchi hawasikii na nusu nyingine hawawezi kuitika. Anaita mara tatu, anaweka faili chini, anaita mwingine.

Niliketi kando ya mzee mmoja mwenye pamba masikioni. Nilimwonyesha karatasi yangu yenye jina, akanionyesha yake, tukaelewana bila neno. Jina lake likiitwa, ningemgusa goti ainuke. Lakini langu ndilo lililoitwa kwanza. Nilimgusa goti vilevile, nikajionyesha kidole, naye akasimama akapaza sauti iliyowashtua hata waliokuwa foleni ya meno, “Huyu mama yuko hapa! Hana sauti lakini yuko!” Nilicheka bila mlio mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Septemba.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kuliko nilivyotarajia. Alinishika ulimi kwa kitambaa cheupe, akauvuta nje, akapasha joto kioo kidogo chenye mpini mrefu juu ya moto wa spiriti, akakijaribu nyuma ya mkono wake, akakiingiza.

“Sema eee.”

Nilitapika hewa mara tatu. Mara ya nne nikaweza. Alipomaliza nikamwashiria kwamba nami nataka kuona. Alisema kioo hakiwezi kunionyesha mimi, ila akageuza kadi yangu ya kliniki akachora mistari miwili iliyokutana juu na kuachana chini, kama miguu ya mtu aliyesimama ametanua. Katikati ya kila mguu akaweka nukta.

“Hizi ndizo nyuzi za sauti. Ukiongea zinagongana. Zako zimevimba, na zimeota vinundu hapa na hapa. Mama, umewahi kulima na jembe?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Mkono ukizoea jembe unaota nini?”

Nikamfungulia kiganja.

“Basi ni hiyo. Ni sugu.”

Sitasahau furaha yangu. Wiki zote hizo nilikuwa nimeambiwa ni moto, ni baridi, ni jicho la mtu, ni pepo bubu. Kumbe ni sugu, kitu ninachokijua. Akaniuliza kama navuta sigara, kama napika kwa kuni, na kazi yangu ni gani. Nikaandika kwamba nauza vitambaa. Alikunja uso kidogo kama ambaye hesabu yake haijakubali, kisha akasema nisitumie sauti wiki mbili kamili, ninywe maji mengi, nisile mara tu kabla ya kulala, nirudi Desemba.

Nilitii, kwa jinsi nilivyoelewa mimi. Sikutoa sauti. Nilinong'ona. Nilimnong'onea Nafula, nilimnong'onea jirani, nilinong'ona dukani kwa nguvu zote ili wateja wanisikie kutoka meza ya nyuma. Shingo iliniuma kila jioni nami nikadhani ndiyo dalili ya kupona.

Desemba daktari alitazama muda mrefu zaidi. “Umeongea?” akauliza.

“Hata kidogo,” nikanong'ona, nikijisifu.

Aliweka kioo chini. “Hivyo ndivyo umekuwa ukinyamaza?”

Akanieleza kwamba kunong'ona kwa nguvu huzikaza zile nyuzi vibaya, na kwamba afadhali hata kusema polepole. Kisha akavuta kiti karibu. “Mama, kuuza vitambaa hakuwezi kumfanya mtu hivi. Unapiga kelele wapi?”

Nikaandika: Kanisani.

“Unaimba kwaya?”

Hapana, nikaandika. Natafsiri mahubiri.

“Kwa sauti yako?”

Kalamu ilikaa hewani. Nikaandika: Ya mhubiri.

“Mhubiri gani?”

Kila mmoja, nikaandika, na nilipoyaona maneno hayo kwenye karatasi nilitamani kuyafuta.

Hakucheka. Aliniambia kinundu cha kushoto kimekua kuliko cha kulia, na hilo hakulipenda, kwa sababu sugu za kawaida huwa sawasawa. Tungengoja hadi katikati ya Januari. Kisingepungua, ningetumwa Nairobi nikatwe kipande kikapimwe. Nikaandika lile neno ambalo kwetu hatulitamki, saratani, na alama ya kuuliza.

“Sijui,” akasema. “Ndiyo maana tutapima. Na hata ikiwa siyo, ukikatwa siwezi kukuahidi sauti itakayobaki ni gani.”

Nilimpenda kwa kusema hajui. Hata hivyo nilipotoka nje niliketi kwenye ngazi nikalia, na kilio kisicho na sauti ni kitu kibaya, kwa sababu hata wewe mwenyewe hakikufariji.

Aliyeniokoa hakuwa na cheti chochote. Mama yake mwenye duka, bibi wa miaka themanini tuliyemwita Ba kama familia yake ilivyomwita, alikuwa na desturi ya dini yao ya kutosema neno siku ya Jumatatu, tangu asubuhi hadi jua litue. Jumatatu alikaa kwenye kiti chake karibu na marobota ya hariri, kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki magotini, na wote tulijua hakuna kumuuliza kitu. Miaka tisa nimefanya kazi pale nimeiona desturi hiyo, wala sikuwahi kuuliza inafanywaje. Nilidhani kunyamaza hakuhitaji kujua.

Jumanne iliyofuata ile kliniki Ba aliniita. “Mimi naangalia wewe mwezi mbili,” akasema. “Wewe hapana nyamaza. Wewe nafunga sauti tu. Mkono nasema, macho nasema, mdomo nasema. Shingo yako nafanya kazi kama ya ng'ombe ya kulima.”

Nikafungua kinywa kunong'ona. Akaniwekea kidole kwenye midomo.

“Ona. Kabla ya kusema, shingo nasimama kwanza. Hiyo kwanza ndiyo nyamazisha.”

Basi nikajifunza kunyamaza kama mtu anavyojifunza kushona. Ba alinipa kibao cha ziada. Alinifundisha kwamba mtu akikuuliza jambo usikimbilie chaki. Mtazame, mara nyingi atajijibu mwenyewe, na nilihesabu nikaona ni kweli. Alinifundisha kumeza funda la maji kila neno linapopanda. Nikiwaza kwa maneno ulimi ulikuwa unacheza ndani ya kinywa. Alinionyesha jinsi ya kuulaza. Niligundua pia jambo la ajabu, kwamba watu wakijua huwezi kujibu wanakusogelea na kuteremsha sauti zao. Wateja walioninong'oneza bila sababu walinichekesha. Nilianza kusikiliza makoo ya watu kama wengine wanavyotazama viatu: huyu anasema kwa kifua, huyu kwa pua, huyu anajikaba mwenyewe.

Kisha uchaguzi ukapita, na baada yake mji wetu ukawaka. Waliokuwa Nakuru Januari ile wanajua, na wasiokuwepo sitaweza kuwaeleza hapa. Duka lilifungwa. Tarehe yangu ya kliniki ilipita nikiwa ndani ya nyumba na Nafula, mlango umekomewa, hatuwezi kuvuka mji. Baba Nafula alikwama Malaba kwenye msururu wa malori. Nilikuwa kwenye wiki ya tano ya kunyamaza kweli, na nilijua kwamba nikianza kupiga kelele sasa, kile kioo kitaonyesha.

Alipopiga simu mara ya kwanza, Nafula alishika akamweleza utaratibu tuliokuwa tumeupanga. Nigonge simu kwa ukucha mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Kisha akanipa.

“Mko salama?”

Nikagonga mara moja.

“Mna unga?”

Mara moja.

“Mtoto anakula?”

Mara moja. Nikasikia akivuta pumzi, na injini za watu wengine nyuma yake.

“Mama Nafula, uko na hofu?”

Sikugonga haraka. Sauti ilipanda mpaka kwenye meno, nikameza maji. Nikagonga mara moja.

“Hata mimi,” akasema.

Miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kuniambia hivyo, nadhani kwa sababu sikuwahi kumpa nafasi. Tulikaa hivyo kwenye laini, yeye akipumua na mimi nikipumua, mpaka salio lake likaisha.

Niliingia kliniki wiki ya pili ya Februari. Benchi zilikuwa na watu wachache na hakuna aliyetaka mazungumzo. Daktari alipasha kioo, nikasema eee bila kutapika. Akatazama, akatoa, akapasha tena, akatazama tena. Mikono yangu ilikuwa imeshika kingo za kiti.

“Cha kushoto kimepungua,” akasema. “Vyote viwili ni vidogo. Hutaenda Nairobi. Umefanya nini?”

Nikaandika kwenye kibao: Nimenyamaza.

Akasema sasa nianze kutoa sauti upya, kidogo kidogo, na mlango wa kutokea uwe mlio mmoja: mm, kama mtu anayekubaliana na mwenzake kwenye simu. Nikasema mm. Ikatoka sauti nyembamba, ya juu, safi, ambayo sikuijua hata kidogo. Nilimtazama daktari nikidhani labda ni yeye.

Mvua za Machi zilinikuta nikikata vitambaa na kusema mm, mm, mm, hata wateja wakadhani nakubaliana nao kila jambo. Aprili nilimfukuza mbuzi wa jirani kwenye mboga za sukuma kwa kelele moja tu, nikakaa bila sauti siku tatu. Usishangae ukirudi nyuma, inatokea. Chai kali niliiacha, na hilo liliniuma kuliko kioo. Siku moja nilikwenda Salgaa kumlaki Baba Nafula, tukaketi kwenye hoteli ya madereva, nikamwagiza mhudumu maziwa ya moto. Mume wangu aliacha ugali mkononi.

“Ebu sema tena.”

“Maziwa ya moto,” nikasema.

“Sasa mimi nimeongea na nani kwa simu miaka hii yote?” Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakuwa yanatania.

Mei Mchungaji alikuja kunitembelea. Aliisikia sauti yangu mpya akaipongeza kwa adabu, kwa makofi yale ninayoyajua. “Watu wanauliza moto utarudi lini,” akasema. Nilimwambia sijui. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejua jambo linalonitisha. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba nikinguruma tena, vinundu vitarudi, na safari hiyo hatangoja. Nisiponguruma nitakuwa baridi. Hayo mahubiri nilikuwa nikiyapenda. Nilipenda kusimama pale kuliko mahali popote duniani, na sikuona njia ya kusimama pale na kubaki na koo. Nilikaa benchi ya nyuma wiki baada ya wiki nikimsikiliza kijana aliyeshika nafasi yangu, na kwa sikio langu jipya nilisikia koo lake likielekea kuharibika.

Sauti yake iliisha Jumapili moja ya Julai, asubuhi yenye ukungu, mgeni akiwa tayari amefika. Mchungaji alinijia mbio nikiwa bado naondoa shali.

“Dada, tafadhali. Leo tu.”

Nilipanda jukwaani. Mgeni alikuwa mtu mrefu kutoka nje ya nchi, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Alianza taratibu nami nikaanza taratibu. Kisha sauti yake ikapanda. Akainua mikono, nami yangu ikabaki ubavuni. Akanguruma kwamba mlango umefunguliwa, nikasema kwenye maiki, kwa ile sauti yangu ya maziwa ya moto, kwamba mlango umefunguliwa. Akanguruma tena. Nikasema tena. Kanisa likaanza kugeuka kutazamana. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Shingo yangu ilitaka kusimama, nikaihisi ikitaka, nikailaza.

Mgeni akaacha kuhubiri. Alinigeukia, kisha akawageukia watu, akasema kwa Kiingereza kwamba leo amepewa mkalimani asiye na moto. Akangoja tafsiri.

Hapo mkalimani hana pa kwenda. Nikawatazama wale watu wote walionijua.

“Anasema leo amepewa mkalimani asiye na moto,” nikasema.

Mgeni akasema mwambieni apaze sauti.

“Anasema mniambie nipaze sauti.”

Bado alikuwa ananitazama, anangoja ningurume. Na mimi, ambaye kwa miaka kumi na moja sikuwahi kusema neno langu mwenyewe kwenye jukwaa lile, nikaongeza, “Mimi nasema siwezi. Nilikuwa mgonjwa wa koo, na tulioita ugonjwa ule moto ni ninyi pamoja na mimi. Sitaki kuugua tena. Lakini maneno yake yote nitawapa, hakuna hata moja litakalopotea.”

Mgeni aliona kwamba nimesema mengi kuliko yeye. Akainama karibu, mbali na maiki, akaniuliza nimewaambia nini. Nikamweleza kwa Kiingereza, yote, bila kupunguza. Alinitazama kooni muda mrefu. Kisha akaweka mkono kwenye koo lake mwenyewe, akakohoa, na nilisikia kikohozi hicho kikipita mahali ninapopajua. Alipozungumza tena alikuwa ameteremsha sauti mpaka karibu na yangu. Akasema sawa, tuendelee.

Nikawageukia watu.

“Anasema sawa,” nikawaambia. “Tuendelee.”